Chungu cha Lwanyasi

Malaba, 4 Mei 2024

Mama mpendwa,

Mulembe. Mguu unaendeleaje, bado unavimba jioni? Na jikoni bado panavuja? Mimi ni mzima, ukitoa usingizi ambao umenikimbia tangu tumzike kaka Boaz. Kazi ni ile ile. Malori yamepanga foleni mpaka nje ya mji, madereva wanatukanana, na sisi maajenti wa mpakani tunakimbia na makaratasi huku na huku. Najua simu inakuumiza masikio, kwa hiyo barua hii nimempa Tracy anayekuja Butula kununua njugu.

Mama, nataka kwenda Lwanyasi, alikofia Boaz.

Mjomba Mulama alituambia Boaz aliwasindikiza watalii wake hadi barabarani, akarudi, akachukua mtumbwi peke yake, ukapinduka. Sisi tukalia, tukazika. Lakini mwili ule niliuosha mimi. Nyuma ya sikio la kushoto mfupa ulikuwa umeingia ndani kama ganda la yai. Mjomba akasema ni mawe ya gati. Haya, na shingoni? Alama ya shingoni ilikuwa ndefu, nyembamba, imenyooka. Jiwe gani limenyooka hivyo? Na tangu lini mtu aliyejifunza kuogelea kabla hajajua kusoma anazama hatua chache kutoka ufukweni?

Hapa mezani ninacho kile kikaratasi cha rangi ambacho Boaz alikuwa akiwagawia watalii. "Lwanyasi, kijiji cha kale cha wavuvi, kizuri kama picha, chenye watu wakarimu na utulivu wa ziwa." Utulivu! Kijiji kikishaitwa kizuri kama picha, watu wake nao wanageuzwa picha, na picha haiulizwi nani amemuua nani. Nimechoka na utulivu wa kuchapishwa. Naenda kuuona kwa macho.

Nipe ruhusa, au ninyime. Nitakwenda tu, lakini ningependa kwenda na ruhusa.

Binti yako,
Gentrix


Butula, 9 Mei 2024

Mwanangu Gentrix,

Nimepokea barua, nimepokea na sukari. Mungu akuzidishie. Mguu ni ule ule wa mtu mzima, hauna habari mpya.

Nenda. Nimekuruhusu kwa sababu nakujua, ningekukataza ungepitia dirishani. Ila nakuomba uende kama mtoto wa nyumba, usiende kama askari. Mulama ni kaka yangu wa tumbo moja. Mto ulipofurika mimi ni mdogo, alinibeba mgongoni akavuka na maji yakimfika kidevuni. Mtu huyo hawezi kunidanganya juu ya mwanangu. Wewe ulimi wako ni wa moto, na huzuni imeuongezea kuni.

Ukifika, simama kwenye gati la mawe. Wageni wanalipenda. Waambie, kama watakuuliza, kwamba babu yako alibeba mawe yale chini ya kiboko cha mzungu, na kwamba mgongo wake ulikuwa na makovu mpaka nikawa nayahesabu kama mchezo nilipokuwa mtoto. Boaz alikuwa akiwaeleza hilo kila safari. Wengine walilia, wengine walipiga picha.

Na ule kila utakachopewa. Kwetu Lwanyasi mgeni hali peke yake. Wote mnaingiza mkono kwenye sahani moja, mzee na mtoto, ndipo mnajua mmekutana. Wasalimie wote. Mchukue mtoto wa Nicholas, mjukuu wa Mulama, umbusu kwa niaba yangu. Wewe ni senge wake, shangazi yake, na senge akifika mtoto hachezi mbali.

Mama yako,
Edinah


Malaba, 20 Mei 2024

Mama,

Natumaini barua hii inakukuta mzima kuliko ilivyoniacha. Nimerudi. Nitakuambia yote kwa mpangilio.

Kwanza, kijiji chenu ni kizuri. Ndilo jambo lililoniudhi zaidi. Unashuka kutoka Funyula, kilima kinafunguka, na ziwa lote limelala pale chini, mitumbwi imepakwa rangi kama ya sikukuu, ndege weupe wamejaa kwenye bati la ile ghala ya pamba ya wakoloni. Nilitaka kukichukia na macho yakanisaliti.

Nilipofika gatini wanaume wawili walikuwa wanagombea wavu. Hawakubishana hata dakika. Mmoja aliinua kasia akampiga mwenzake mdomoni, nikayaona meno yakianguka kwenye mchanga uliolowa. Aliyepigwa akapiga magoti, akatema, akachomoa kisu cha kupasulia samaki, akamchana mwenzake paja kutoka juu hadi gotini. Damu ikaingia majini, visamaki vya omena vikaikusanyikia. Wanawake waliokuwa wakianika samaki hawakuinua hata vichwa. Nikapiga kelele, "Jamani, mtauana!" Mmoja akanijibu bila kuniangalia, "Mama, hapa kasia ndilo hakimu. Wewe piga picha uende."

Nikalitazama kasia, Mama. Ubavu wake ni mrefu, mwembamba, umenyooka.

Nyumbani kwa Mjomba nilipokelewa vizuri mno, na hapo ndipo palipoharibika. Unamjua Nicholas. Tangu utotoni binamu yangu huyo hajawahi kunisalimia bila kunitukana. Ningetegemea aseme, "Huyu mzee wa forodha bado hajapata mume?" nami nimwite uso wa kambare, tucheke. Safari hii alisema, "Karibu, dada." Dada! Akaangalia chini. Mkono wake wa kulia ulikuwa bado umefungwa kitambaa, kama mazishini, na nilipouliza akasema kamba ya nyavu. Nikasema, "Kamba ya mwezi mzima?" Akatoka nje.

Zilpa, mke wa Mjomba, alipika samaki wa mbuta kwenye chungu kipya. Nikaletewa chungu kile, ugali wangu, sahani yangu, maji yangu kwenye jagi langu. Wakakaa ukutani wakaniangalia nikila. Nikasema, "Mjomba, sogea basi." Akasema ameshiba. "Zilpa?" Tumbo linamsumbua. Kila mtu katika nyumba ile alikuwa mgonjwa au ameshiba. Nilijiona kama mzungu mwenye kamera. Nilidhani wamesahau mimi ni nani.

Kisha mtoto wa Nicholas, Naliaka, akatambaa kuja kwangu akafungua mdomo. Nikamega samaki, nikamtolea miiba, nikamlisha. Mama, Zilpa aliruka kama aliyeona nyoka. Alimnyakua yule mtoto kwa mkono mmoja, akamtia kidole kooni, akakisukuma, akakisukuma, mpaka mtoto akatapika samaki, kisha maji, kisha damu kidogo. Nikamsukuma Zilpa ukutani, nikampiga kofi. Hakurudisha. Analia tu, anasema, "Nisamehe, nisamehe," na Mjomba amesimama amefunika uso kwa mikono.

Hivi mimi nina ukoma? Au kwa sababu nakaa mpakani na watu wa malori, mikono yangu ina najisi? Niliondoka bila kuaga. Watu wa namna hiyo ndio wanaoandikwa kwamba ni wakarimu. Nieleze, Mama, kwa maana wewe umezaliwa pale na mimi sijui kitu.

Binti yako,
Gentrix


Malaba, 8 Juni 2024

Mama,

Habari ya siku nyingi? Tracy amepita kwako mara mbili, na mara zote umemwambia huna jibu. Anasema umekonda, humuangalii usoni. Unaumwa? Niambie nije.

Hapa juzi tanboi mmoja, msaidizi wa dereva, alichomwa kisu kwenye foleni kwa ajili ya nafasi ya lori. Alifia kwenye tairi, na madereva wakaendelea kupiga honi. Nilimfunga kidonda kwa leso yangu na nikawaza Boaz, nani alimfunga?

Nimewaza na jingine. Vijana wa kupakia mizigo hapa hawaogopi kitu isipokuwa njaa, na wananisikia. Nikiwaonyesha mlango watauvunja. Kama unajua jambo na unanificha, sema kabla sijawaonyesha mlango usiofaa.

Binti yako,
Gentrix


Butula, 15 Juni 2024

Mwanangu,

Nakusalimu. Siumwi. Nimeshindwa kuandika kwa sababu nikiandika itakuwa kweli.

Ulisoma sana, lakini hili sikukufundisha. Nilidhani utaolewa mbali na halitakuhusu. Kwetu, mtu akimuua mtu, nyumba ya muuaji na nyumba ya marehemu hazigusi chakula kimoja, wala maji ya chombo kimoja, mpaka wazee wachinje kondoo na pande zote mbili zimle. Atakayekula kabla ya hapo atakufa, na mtoto ndiye atakayekufa kwanza. Lwanyasi hata walevi wanaogopa hilo. Watadanganya polisi, watadanganya padri. Kwenye chungu hawadanganyi.

Wewe uliona dharau. Mimi niliposoma habari ya kidole kooni niliiweka barua chini, nikatoka nje nikashika mti.

Zilpa alikuwa anamwokoa mjukuu wake. Kaka yangu aliyenivusha mto alikaa kwenye matanga ya mwanangu hapa kwangu, na sasa nakumbuka kwamba siku zote zile alikula machungwa aliyokuja nayo mfukoni. Nikadhani ni huzuni.

Sijui ni mkono wa nani. Najua ni nyumba ya nani.

Gentrix, usilete vijana wako. Nimebaki na mtoto mmoja na kaka mmoja. Niachie nifikiri.

Mama yako,
Edinah


Malaba, 22 Juni 2024

Mama,

Sikusalimii, unisamehe. Salamu zimenikauka.

Unaniambia mila. Basi nieleze: mila iliyowakataza kula nami ilikuwa wapi walipokuwa wakimvunja Boaz fuvu? Mila gani hii inayolinda midomo na kuiachia mikono? Wanaogopa tonge la samaki kuliko wanavyoogopa kuua mtu! Halafu wanamlaza mtu wetu ndani ya mtumbwi, wanaupindua, wanatuletea maiti na hadithi, wanaimba nyimbo za kanisa kaburini, na sisi tunawashukuru kwa nauli ya kumleta.

Nilikwenda kituoni. Ofisa akaniuliza nina ushahidi gani. Nikasema, walikataa kula nami. Akacheka mpaka akapaliwa. "Mama, hata mke wangu hukataa."

Sasa sikiliza. Nimepata lori. Jumamosi tarehe 29 asubuhi tunashuka Lwanyasi, mimi na vijana ishirini na petroli. Sitauliza ni mkono wa nani. Nyumba moja baada ya nyingine, mtumbwi mmoja baada ya mwingine, na ile ghala wanayoipenda watalii, na kama gati lingeungua ningelichoma pia. Waje wapige picha majivu.

Usinizuie. Ulisema nimebaki mimi. Haya, ndimi huyu.

Gentrix


Butula, 28 Juni 2024

Mwanangu Gentrix,

Mulembe. Soma yote kabla ya kuwasha lori. Nimemwomba Tracy apande boda na asisimame popote. Mwandiko umelala kwa sababu mkono wa kushoto hauwezi kushika karatasi. Mfupa wa bega umevunjika.

Jana nilikwenda Lwanyasi. Sikuingia kwa Mulama. Nilikaa pale pale ufukweni, nikapanga mafiga matatu, nikanunua mbuta, nikampika pamoja na ugali mbele ya kila mtu. Watu wakajaa. Nikamwita.

"Mulama! Njoo tule, nimetoka mbali."

"Dada, nimeshiba."

"Tangu Aprili?"

Mtu mmoja nyuma akacheka, "Mzee, sahani haina meno, kaa." Mwingine akamwambia anyamaze, maana sasa wote walikuwa wameelewa nimekuja kufanya nini. Zilpa akanishika miguu. Nikamwambia aniachilie.

Kaka yangu alinawa. Akakaa mbele yangu. Alikuwa anamfunika mwanawe, Gentrix. Alitaka kijiji kione kwamba nyumba yake ni safi, yeye afe, Nicholas apone. Akamega tonge, akachovya, akatia mdomoni.

Nicholas alikuwa anatoka mtumbwini. Alipoona alitupa kasia akaja mbio akapiga chungu teke. Mchuzi uliniunguza mapaja yote. Akamshika babake mashavu akipiga kelele, "Tema, Baba! Usimeze! Ni mimi! Mimi ndiye niliyempiga!"

Angeweza kulitema. Mwanawe alikuwa anamsihi kwa machozi. Mulama alinitazama mimi, akameza.

Nicholas akasema yote pale pale. Wale wageni wa mwisho walikuwa na kamba na miti ya kupimia. Walipima gati na ghala, wapate kuyachora majengo ya kale. Kijiji kikaamini ni watu wa hoteli, na Boaz ameuza ufuko. Boaz aliporudi bila wageni, Nicholas akamuuliza, umetuuza? Boaz akamtania kama binamu wanavyotaniana: "Nimeuza pwani yote, na wewe nimekuuza pamoja na viti." Nicholas alikuwa amekunywa. Akampiga kasia shingoni. Boaz akainuka anacheka bado, akidhani ni mchezo. La pili ndilo la nyuma ya sikio. Kisha wengine wakaja na makasia yao.

Alipomaliza kusema, mwanamume anayeitwa Oduori akainua kasia: "Muuaji! Ametutia laana!" Wote wakaokota. Nicholas akamwangalia, akamuuliza taratibu, "Oduori, si wewe uliyemshika miguu?" Kasia likamjibu mdomoni.

Wakaanza kumpiga. Kwa makasia yale yale, mwanangu, na mikono ile ile, na sauti ile ile ya haki. Nilisikia mfupa wa mkono wake ukikatika. Nikaona nimekwisha kuiona picha hii kwenye mwili wa Boaz, na sikutaka kuiona tena hata kwa aliyemuua. Nikamlalia. Kasia lililomlenga yeye likaniangukia begani. Mulama akanilalia mimi, mgongo wake juu yangu kama ule wakati wa mto, nikawa nasikia kila pigo likipita kwake kuja kwangu. Zilpa ndiye aliyetuokoa. Alichota makaa ya mafiga kwa sahani akawamwagia wanaume miguuni na kwenye nywele, akachota tena, mikono yake mwenyewe ikiungua, mpaka wakarudi nyuma. Chifu akaja na polisi. Nicholas na Oduori wako kituoni. Nicholas yu hai. Amekubali kusema mahakamani majina yote.

Mulama amelala kwenye mkeka na amekataa chakula. Ameshamwonyesha Zilpa mahali pa kaburi. Mbavu zake zitapona, lakini anaamini kwamba tonge lile linamuua, na mtu akiamini hivyo hahitaji sumu. Wazee wamekubali kondoo Jumamosi ya wiki ijayo. Mkono wangu peke yake hautoshi. Wanataka aliyenyonya ziwa moja na Boaz, naye ni wewe peke yako.

Siwezi kukuamuru. Lete petroli, au njoo peke yako ule.

Mama yako,
Edinah


Malaba, 29 Juni 2024

Mama,

Natumaini maumivu ya bega na ya mapaja yanavumilika. Tracy anakuletea dawa ya kuungua na kitambaa cha kufungia mkono. Usipike, mwombe jirani.

Lori limerudi yadi. Vijana wamenuna. Niliwaambia wale waliokusudiwa kuchomwa wamekwisha kuchomwa na bibi kizee kwa sahani ya makaa, wakacheka, wakatawanyika. Mimi sikucheka. Nilikaa kwenye tairi nikalia mpaka walinzi wakaja kuuliza.

Sijasamehe, nataka hilo lieleweke. Nitakwenda mahakamani kila siku itakayotajwa. Nicholas akisahau jina moja nitamkumbusha. Oduori na wote walioshika miguu nitawaangalia usoni mpaka wafungwe. Kile kikaratasi cha rangi nimeandika nyuma yake yaliyotokea, kwa herufi kubwa, na nitakibandika kwenye ukuta wa ghala. Mgeni atakayekuja kupiga picha asome kwanza.

Lakini Jumamosi ijayo nitakuja, nitakula kondoo wao. Sili kwa ajili ya Mjomba, ingawa nimeusoma mara nyingi ule mstari wa mgongo na mto. Namfikiria yule mtoto. Usiku namsikia akitapika. Asipokula nami sasa atakua akijua kwamba mkono wa senge wake ni kifo, na siku moja yeye au mwanawe ataokota kasia bila hata kujua kwa nini.

Mwambie Zilpa, pamoja na kondoo, apike na mbuta mdogo. Naliaka akae kwenye paja langu. Nitamtolea miiba na kumlisha kwa mkono wangu. Zilpa akae karibu aone, na safari hii mtoto akimeza, asimguse koo.

Binti yako, na senge wa Naliaka,
Gentrix